Nani hayupo darasani leo?

Wiki hii siwaletei habari ya barabara wala ya bei ya unga. Wazazi wengi wamekuwa wakinipigia simu baada ya kipindi na kuniuliza swali moja: vijana wetu tuwashike mkono namna gani ili wasiache shule? Mimi si mwalimu. Ila nimeona mambo mawili katika maisha yangu, moja la aibu na lingine la kunifundisha. Leo nitayasimulia yote mawili.

La aibu ni langu mwenyewe.

Mwaka 2002 nilikuwa na miaka 12, nikisoma darasa la sita hapa Goma. Wenye umri wangu hawajasahau tarehe 17 Januari. Nyiragongo ilipasuka, moto ukashuka mpaka katikati ya mji, ukafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ukala maduka na kanisa kuu, ukaishia ziwani. Tulikimbilia Gisenyi kwa miguu, mama amebeba mdogo wetu mgongoni, mimi nimebeba sufuria na redio. Baada ya siku chache tulirudi. Mawe yalikuwa yangali ya moto, viatu vya plastiki vilikuwa vinashika chini.

Shule yetu ilipona. Zingine hazikupona, kwa hiyo wanafunzi wao waligawanywa kwetu. Benchi la watu watatu likawa la watu watano. Mwalimu akatafuta mtu wa kumsaidia kuweka nidhamu, akanichagua mimi kuwa shefu wa darasa, kwa sababu nilikuwa na pointi nzuri na mwandiko mzuri.

Kazi ya shefu wa darasa mnaijua. Kuchukua chaki ofisini, kufuta ubao, kukusanya makaye. Na mwalimu akitoka, kuandika majina ya wapiga kelele, ya wanaochelewa, na ya wanaosema Kiswahili. Ndiyo, kusema Kiswahili darasani lilikuwa kosa, tulitakiwa kusema Kifaransa tu. Leo Kiswahili ndicho kinachonilisha mimi na watoto wangu, lakini wakati ule niliwaandika wenzangu kwa ajili yake, na niliandika vizuri sana.

Kulikuwa na kijana mmoja aliyetoka mtaa uliofunikwa na mawe. Alikaa benchi la nyuma. Kila asubuhi alichelewa, mara nusu saa, mara saa nzima, suruali imelowa mpaka magotini. Mwezi mmoja nilimwandika mara 14. Nakumbuka hesabu hiyo kwa sababu mimi ndiye niliyeijumlisha, na mwalimu alinisifu mbele ya darasa kwa kuijumlisha. Kijana alipigishwa magoti uani, juu ya yale mawe madogo meusi, mikono juu. Hakulia wala hakueleza lolote. Mwishowe akaambiwa: kesho uje na mzazi.

Kesho yake hakuja. Kesho kutwa pia. Wiki ya tatu mwalimu aliniambia nifute jina lake. Nilichukua rula nikapiga mstari, umenyooka kabisa.

Siku moja mama alinituma maji Kituku, kando ya ziwa. Nikamkuta pale, yuko ndani ya maji mpaka magotini, anajaza mabidoni ya watu kwa malipo. Suruali ilikuwa ile ile. Hapo nikaelewa kwa nini alikuwa anachelewa. Nyumbani kwao hapakuwa na baba wala mama wa kuja kumwona mwalimu. Palikuwa na bibi mzee na wadogo wawili, na chakula chao kilitoka katika yale mabidoni. Aliniona. Mimi nikageuza uso kama mtu asiyemjua, nikachota maji yangu upande mwingine, nikaenda.

Mtihani wa mwisho wa shule ya msingi ulifika, mimi nikafanya, yeye hakufanya. Nikaingia sekondari, nikapata diploma ya taifa, nikafuata mafunzo ya uandishi wa habari, nikaanza redio kwa kubeba nyaya za wakubwa. Sikuwa nafikiri sana juu ya kijana yule. Watu wengi walikuwa wanapotea mjini mwetu, mmoja alionekana kama mmoja tu.

Sasa nije kwa jambo la pili.

Mwisho wa mwaka 2022, vita vilipofika Rutshuru na Kibumba, maelfu ya jamaa walishuka mpaka Kanyaruchinya, mlangoni mwa Goma. Mlioishi pale hamhitaji kuelezwa. Wengine mlilala ndani ya madarasa, wengine chini ya miti ya majani na shitingi, juu ya mawe yasiyokubali hata kijiti kusimama. Mvua ilikuwa inapita chini na juu. Kipindupindu kikaingia.

Mwaka 2023 nilitumwa huko kufanya ripoti juu ya watoto wanaoacha shule. Nilitaka sauti ya mwalimu, sauti ya mzazi, sauti ya kiongozi wa bloki, basi, nirudi mjini kabla ya giza. Mwalimu mmoja aliyekuwa akifundisha watoto wa wahami akaniambia: "Ukitaka hesabu ya kweli usiniulize mimi. Muulize shefu wa darasa wangu."

Alikuwa binti wa miaka 15, darasa la nane. Jina lake silitaji, na kwao pia silitaji, kwa usalama wake. Alikuja na kaye la kurasa chache, limefungwa ndani ya mfuko wa plastiki lisilowe. Nilidhani nitaona orodha niliyoizoea. Nikafungua ukurasa wa kwanza.

Hakuna jina hata moja la mpiga kelele. Yalikuwa majina ya wasiokuwepo. Mbele ya kila jina, bloki anayoishi. Mbele ya bloki, neno moja au mawili: maji. Kuni. Anachunga mtoto. Hana kaye. Mgonjwa. Amehamia Bulengo. Hana nguo. Na upande wa mwisho aliweka tarehe aliyokwenda kumwona.

Nikamuuliza, "Nani alikuagiza kazi hii?"

"Hakuna, papa mwandishi."

"Sasa uliianza namna gani?"

Akaangalia chini kidogo, kisha akasema: "Tulipofika hapa nilishikwa na kipindupindu. Siku tisa sikwenda shule. Niliporudi, hakuna aliyeniuliza nilikuwa wapi. Mwalimu hakuwa na kosa, tulikuwa wengi, hakutujua. Lakini niliona kama nilikufa na hakuna mtu aliyepewa habari. Wiki iliyofuata waliponichagua shefu, nikasema orodha yangu itakuwa ya wale ambao hawapo."

Ripoti niliimaliza, lakini sikurudi mjini mapema. Nilimwomba ruhusa mama yake, nikafuatana naye jioni ile pamoja na wanafunzi wenzake wawili. Tulipita kibanda kwa kibanda. Mbele ya kibanda kimoja mama alikuwa anapembua maharagi.

"Mama, jambo," akasema binti. "Mama, tunaomba radhi kwa kuja saa ya chakula. Leo ni siku ya nne hatumwoni dada yetu darasani."

"Mwanangu, mimi nimekataa asome? Foleni ya maji inaanza saa kumi na moja asubuhi. Akienda shule, sisi tutakunywa nini?"

Binti hakumhubiria mama juu ya faida ya shule. Alimuuliza tu: "Bidoni zenu ni ngapi, mama?" Mbili. "Ni za rangi gani?" Za njano. Akaandika. Kisha akaeleza: darasa lao lilikuwa limejigawa, kila asubuhi wanafunzi wawili wanawahi bombani na kupanga mabidoni ya wenzao kwenye mstari, siku inayofuata ni zamu ya wengine. Kwa hiyo kila mmoja anawahi siku moja tu kwa wiki, siku nyingine anafika darasani kengele ikilia. Mama akanyamaza, akaendelea kupembua. Halafu akasema, "Bidoni moja imetoboka kidogo, mwambie anayepanga aishike vizuri." Hivyo tukajua amekubali.

Kwa yule asiye na kaye, walifanya hivi: kaye moja la kurasa 96 walilikata katikati kwa wembe, wakashona upande mmoja kwa uzi, likawa makaye mawili. Kwa mgonjwa, walikwenda na kumsomea somo la siku, naye akasikiliza akiwa amelala. Kwa yule anayechunga mdogo wake, walimwomba mwalimu akubali mtoto akae kwenye mkeka nyuma ya darasa. Mwalimu alikataa mara ya kwanza. Mara ya tatu alikubali.

Ndugu wasikilizaji, msidhani kila mtu alimpigia makofi. Baba mmoja alimfukuza akisema, "Wewe ni serikali?" Wavulana wa darasa la juu walimwita "Mama Msalaba Mwekundu" wakicheka. Aliniambia kuna wiki aliweka kaye chini ya godoro na kusema basi. Siku ya tatu mwanafunzi mmoja mdogo akaja kumuuliza: "Shefu, mimi jana sikuwepo. Hukuja. Nilikukosea?" Akalitoa tena.

Nilihesabu naye siku ile. Tangu aanze, majina 23 yaliingia katika kaye lake. Waliorudi darasani walikuwa 14. Watano walihamia kambi zingine na jamaa zao. Wanne hawakurudi, na mmoja wao alikuwa rafiki yake wa tangu kijijini, aliyeozwa akiwa na miaka 16. Nilipomuuliza kwa nini jina la rafiki huyo bado analiandika kila Jumatatu, wakati anajua hatarudi, alinijibu kwa ufupi: "Sijui kama hatarudi. Najua tu kwamba hayupo."

Usiku ule sikulala vizuri. Nilikumbuka ile rula.

Miezi michache baadaye nilikuwa Birere, natafuta moto ya kunipeleka kazini. Nikasikia nyuma yangu, "Shefu! Shefu!" Hapa Goma kila mtu ni shefu, sikugeuka. Sauti ikaongeza: "Shefu wa darasa!" Nikageuka. Mtu mzima, mabega mapana, anasukuma chukudu iliyobeba magunia ya makala. Nilimtambua kwa macho.

"Leo pia umeniandika?" akauliza, akacheka.

Nilikosa la kusema. Mwishowe nilimwambia kitu ambacho nilipaswa kumwambia Kituku miaka ishirini na moja nyuma: kwamba nilimwona, nikageuza uso, na kwamba ninaomba radhi. Aliweka chukudu pembeni, akapangusa jasho. Akaniambia hakunikasirikia mimi, nilikuwa mtoto kama yeye. "Lakini," akasema, "nilingoja. Nilipokuona ziwani nilifikiri mwalimu amekutuma uniite." Baada ya hapo akaniambia ana binti darasa la tatu, na kwamba asubuhi anapita kwanza shuleni na chukudu, anamwacha langoni, ndipo anaenda kutafuta mzigo. "Huyu hachelewi," akasema.

Maneno yale, "nilingoja," ninayabeba mpaka leo. Mimi niliamini kijana yule ameacha shule. Kumbe alikuwa amesimama ndani ya maji akingoja mtu mmoja wa kumwambia: wenzako wanauliza uko wapi, njoo. Mtu huyo angeweza kuwa mimi, kwa sababu nilikuwa na kalamu, nilikuwa na orodha, na nilijua alipo.

Tangu Septemba 2019 shule ya msingi ya serikali ni ya bure katika nchi yetu, kama Katiba ya 2006 inavyosema. Ni jambo kubwa, watoto wengi sana waliingia. Lakini bure hiyo haipangi bidoni kwenye foleni, hainunui kaye, na haimwambii mtoto kwamba kuna mtu ameona hayupo. Na mtoto akifika sekondari, wazazi wanalipa tena, hapo wengi wanaanguka. Ndiyo maana ninasema kazi ya kushikana mkono haiwezi kungoja mpaka mambo yote yawe sawa.

Mwishoni mwa Januari 2025 vita viliingia mjini mwetu. Februari kambi zikavunjwa, watu wakaambiwa warudi makwao. Mlibeba shitingi, sufuria na watoto, mkaelekea Rutshuru, Masisi, Nyiragongo. Wengine mlikuta nyumba, wengine mlikuta msingi tu. Wengine mmebaki mjini katika jamaa zilizowapokea. Darasa la binti yule lilitawanyika kwa siku tatu. Sikujua alielekea wapi, na namba ya mama yake haikupatikana tena.

Halafu wiki mbili zilizopita nilipata ujumbe wa sauti, umetumwa kwa simu ya mjomba wake. Yuko hai. Anaishi kwa shangazi, sehemu fulani ya wilaya ya Rutshuru. Alisema hivi, nayaandika kama nilivyoyasikia: "Papa mwandishi, jambo. Mimi nimeanza tena shule, niko nyuma mwaka mmoja lakini haidhuru. Kaye ninalo. Sasa majina yote ni ya wasiokuwepo, darasa zima. Nimeshapata sita. Nisaidie kutafuta wengine. Uwasomee majina kwenye redio."

Ilinibidi nimkatalie. Majina ya watoto hatuyasomi hewani, hasa katika siku hizi, na yeye alielewa nilipomweleza. Lakini nilimwahidi kwamba nitawaulizia kwa njia nyingine. Njia hiyo ndiyo maandishi haya.

Kwa hiyo, ninyi wazazi mliopitia Kanyaruchinya, Bulengo, Lushagala, Rusayo: mtoto wako akiwa bado nyumbani, mpeleke shule iliyo karibu, hata kama hana bulteni ya kambini, hata kama mwaka umeanza. Zungumza na mkuu wa shule. Akikataa, tafuta kamati ya wazazi ya shule ile, usirudi nyumbani baada ya neno la kwanza. Yule binti alimwomba mwalimu mara tatu.

Ninyi walimu, ninajua madarasa yenu yamejaa na mishahara inachelewa. Siwaongezei mzigo. Ninaomba kitu kimoja: kabla ya kupiga mstari juu ya jina, mtume mwanafunzi mmoja akaulize.

Na ninyi vijana mliochaguliwa. Shule nyingi sasa zina serikali ya wanafunzi, yenye waziri mkuu na mawaziri. Ni vizuri kuvaa cheo na kusimama mbele ya bendera asubuhi. Lakini fungueni kaye, upande mmoja andikeni wasiokuwepo, upande wa pili andikeni sababu, na jioni mwende mkabishe hodi. Mtatukanwa kidogo. Mtapata 14 kati ya 23, wala hamtapata wote. Endeleeni kuwaandika wale waliobaki.

Na wewe kijana unayesoma haya kwenye simu ya mtu mwingine, wewe unayechota maji, unayesukuma chukudu, unayeuza vocha barabarani, unayefikiri kwamba darasa limekusahau: miaka 17 si mingi, hata 20 si mingi. Kuna mtu ana kaye lenye jina lako. Ukiwa ulikuwa darasa la nane Kanyaruchinya mwaka 2023, na shefu wenu alikuwa binti aliyekuwa anauliza rangi ya mabidoni, njoo redioni kwetu au mtume mzazi. Hatutatangaza jina lako. Tutampa yeye peke yake, alitafute katika ukurasa wake na kuandika tarehe.

Mimi mwandishi wenu, hapa Goma.